Jinsi ya kulisoma, kulitafsiri na kulitumia neno "security" nchini Uganda

Hapa Uganda neno la Kiingereza "security" limeenea kila mahali. Limechapwa mgongoni mwa sare ya mlinzi wa duka, limo katika jina la mfuko unaotunza akiba ya uzeeni ya mfanyakazi, limo katika mkataba wa mkopo anaousaini mkulima, na halikosekani katika hotuba ya mkuu wa wilaya. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya nchi tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa sababu hiyo, watu wanaolazimika kulihamisha neno hili kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili wanazidi kuongezeka. Wako walimu, makarani wa mahakama, wakalimani wa makazi ya wakimbizi, na maofisa wa mikopo katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Mpondwe. Wengi wao hulitafsiri kwa neno moja tu, "usalama", kisha wakaendelea na sentensi inayofuata. Mwongozo huu unaonyesha ni wapi tafsiri hiyo inatosha, ni wapi inapotosha, na ni wapi inaweza kumpotezea mtu shamba lake.

Anza kwa kuuliza ni nani anayelindwa

Neno hili lina asili ya Kilatini. Katika lugha hiyo "securus" liliundwa kwa sehemu mbili: "se", yaani bila, na "cura", yaani shughuli au wasiwasi wa moyo. Kiini chake, basi, ni hali ya mtu asiye na jambo la kumtia wasiwasi. Ukuta, kufuli na bunduki ni njia tu za kuifikia hali hiyo. Nalieleza jambo hili mapema kwa sababu ndilo linalozifungua maana zote zilizobaki. Mwanakijiji asiyeogopa wezi, mpangaji asiyeogopa kufukuzwa, benki isiyoogopa kupoteza fedha zake na mstaafu asiyeogopa njaa, wote huelezwa kwa neno hilo hilo, kwa kuwa kila mmoja ameondolewa wasiwasi fulani. Lakini wasiwasi wa mmoja si wasiwasi wa mwenzake, na wakati mwingine mmoja hupumzika kwa sababu mwingine ametwishwa mzigo.

Kwa hiyo, kila unapolikuta neno hili, jiulize maswali matatu kabla hujaandika chochote: ni kitu gani kinacholindwa, kinalindwa dhidi ya nini, na ni nani anayefaidika na ulinzi huo. Maswali mawili ya kwanza huwajia watafsiri wengi bila kusukumwa. La tatu ndilo husahaulika, na ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote, kwa sababu katika nyaraka za fedha na za sheria anayelindwa na "security" mara nyingi si yule anayeisoma karatasi.

Usalama na ulinzi

Maana iliyo nyepesi kushughulikia ni ile ya amani ya nchi na ya mitaa. Hapo "usalama" ndilo neno lenyewe, na limekwisha kuzoeleka. Baraza la Umoja wa Mataifa ambalo Uganda imewahi kuwa mwanachama wake asiye wa kudumu mwaka 1966, kisha 1981 hadi 1982, na tena 2009 hadi 2010, ni Baraza la Usalama. Mashirika mawili ya kijasusi yaliyowekwa na sheria ya mwaka 1987 ni la usalama wa ndani na la usalama wa nje. Kamati ya wilaya inayoongozwa na mwakilishi wa Rais ni kamati ya usalama. Katika baraza la kijiji, ambalo watu hulifupisha kwa kuliita LC1, mjumbe anayeshughulikia wezi, ugomvi na wageni wasiojulikana ni katibu wa usalama.

Hata katika maana hii nyepesi ipo tofauti inayofaa kulindwa, nayo ni kati ya hali na kazi. Hali ya kutokuwa na hatari ni usalama. Kazi ya kuizuia hatari isifike ni ulinzi. Kampuni inayopeleka watu wenye virungu na bunduki kwenye malango ya benki haiuzi usalama, maana hakuna awezaye kuahidi kwamba jambo baya halitatokea kabisa, inauza ulinzi. Andika "kampuni ya ulinzi", "gharama za ulinzi", "mlinzi wa usiku". Neno "askari" linaeleweka kote nchini, hata kwa watu wasiozungumza Kiswahili, lakini katika maandishi rasmi huacha swali iwapo anayetajwa ni polisi, mwanajeshi au mlinzi wa kampuni binafsi. Pale ambapo jambo hilo lina maana, kwa mfano katika taarifa ya tukio ambamo risasi imefyatuliwa, mtaje mtu kwa cheo chake kamili.

Ukiandika kwa Kiingereza, zingatia jambo moja. Katika mazungumzo ya Kampala ni kawaida kumwita mlinzi mmoja "a security", na hakuna asiyeelewa. Katika barua au ripoti rasmi usiandike hivyo. Neno hili likiwa na maana ya hali au ya huduma ya ulinzi halihesabiki, halipokei "a" wala "s". Mtu mmoja ni "security guard" au "security officer". Likianza kuhesabika, huwa limehamia katika ulimwengu wa fedha, ambako tutafika punde.

Pale "usalama" unapobeba mizigo miwili

Kiingereza kina "safety" na "security", na Kiswahili cha kawaida huyatafsiri yote mawili kwa neno "usalama". Tofauti yao, kwa ufupi unaotosha kazi nyingi, ni kwamba "safety" huhusu madhara yatokanayo na ajali, uzembe au maumbile, ilhali "security" huhusu madhara yanayokusudiwa na mtu. Usafiri wa anga unaionyesha tofauti hiyo vizuri. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa kanuni za anga duniani, una viambatisho vingi. Cha 17 kinahusu "security" na cha 19 kinahusu usimamizi wa "safety". Katika uwanja wa Entebbe, mashine inayopekua mizigo na mlango unaolia mtu anapopita na chuma ni mambo ya kiambatisho cha 17, wakati taa za njia ya kurukia na ukaguzi wa injini ni mambo ya upande wa pili. Anayetafsiri mwongozo wa wafanyakazi wa uwanja wa ndege na kuyaita yote "usalama" atakuwa amezichanganya idara mbili zenye wakuu tofauti na taratibu tofauti.

Njia ninayoipendekeza ni kuliacha "usalama" liwe la "safety" na kulipa "security" neno "ulinzi", mradi hati nzima ifuate mgawanyo huo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ikiwa hati inahusu jambo ambalo "ulinzi" halikai vizuri, fafanua kwa maneno zaidi: usalama dhidi ya uhalifu, usalama dhidi ya ajali. Sentensi itarefuka kidogo, lakini heri sentensi ndefu kuliko mfanyakazi anayekimbilia kizimamoto wakati ameambiwa kuna mtu mwenye silaha.

Katika chakula mgawanyo huo hubadilika, na hapa magazeti huteleza mara kwa mara. "Food security", kwa maana iliyokubaliwa katika mkutano wa kilele wa chakula uliofanyika Roma mwaka 1996, ni hali ya watu wote, wakati wote, kuweza kukipata chakula cha kutosha, kilicho salama na chenye lishe, kwa maana ya kuwapo kwake na kwa maana ya uwezo wa kukinunua. Hali hiyo iite "uhakika wa chakula". "Food safety" ni jambo jingine, yaani chakula chenyewe kutokuwa na sumu wala vijidudu, na huo ndio "usalama wa chakula". Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, suala lililotajwa lilikuwa usalama wa chakula. Matokeo yake kwa wafanyabiashara wa Busia na kwa wanunuzi wa upande wa pili yaligusa uhakika wa chakula. Mwandishi anayetumia usemi mmoja kwa mambo hayo mawili hawezi kuieleza habari hiyo ikaeleweka, kwa sababu hatua iliyochukuliwa kulinda la kwanza ndiyo iliyolitikisa la pili.

Kwa wakalimani wa makazi ya wakimbizi tofauti hii ni nzito zaidi. Nakivale, Kyaka II na Kyangwali hupokea watu wengi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kila siku, na baadhi yao wamesoma kwa Kifaransa, ambacho neno lake "sécurité" kwa kawaida huchukua maana zote mbili za Kiingereza. Mtu wa namna hiyo akisema mbele ya ofisa, "Mahali ninapokaa sina usalama", mkalimani asikimbilie neno lolote la Kiingereza. Huenda anasema nyumba imejengwa bondeni na mvua inaiingilia. Huenda anasema mtu aliyemtesa kule alikotoka amemwona sokoni. Huenda anasema amechoka na ugomvi wa majirani na anatamani utulivu, jambo ambalo wengine wangeliita amani. Malalamiko hayo matatu huelekezwa kwa watu tofauti, na la pili linaweza kuhitaji hatua ya siku ile ile. Omba ruhusa ya ofisa, umuulize msemaji: "Unaogopa nini, au unamwogopa nani?" Jibu lake ndilo litakalokupa neno. Mkalimani hatakiwi kuongeza wala kupunguza, hilo ni kweli, lakini kuchagua moja kati ya maana mbili bila kuuliza ni kuongeza.

Dhamana: mahali pa kusoma polepole kuliko pote

Sasa tunafika kwenye maana ambayo, kwa maoni yangu, ingepaswa kufundishwa mapema kuliko zote. Katika mkataba wa mkopo, "security" ni mali au haki ambayo mkopaji anaiweka chini ya uwezo wa mkopeshaji ili, deni lisipolipwa, mkopeshaji ajilipe kutokana nayo. Kiswahili chake ni "dhamana", na ikiwa ni ardhi au nyumba, "rehani". Kitenzi chake ni "secure", na mkopo wa namna hiyo huitwa "secured loan". Mtu anayekijua Kiingereza cha shule ataona neno linalofanana na salama, na atadhani ameambiwa kwamba mkopo wake hauna hatari. Maana halisi ni kinyume kwa upande wake: aliyesalimika ni mkopeshaji, na hatari yote ya shamba kupotea imebaki kwa mkopaji. Mkopo usio na dhamana, ambao kwa Kiingereza jina lake, "unsecured loan", huanza kwa kukanusha usalama, ndio usiogusa kiwanja cha mtu moja kwa moja, ingawa riba yake kwa kawaida huwa kubwa zaidi na mkopeshaji bado anaweza kwenda mahakamani kudai fedha zake.

Kwa hiyo usitafsiri kamwe "secured loan" kwa "mkopo salama". Andika "mkopo wenye dhamana", na ikiwa unamsomea mtu asiyejua kusoma, mwambie waziwazi: ukishindwa kulipa, benki itakuwa na haki ya kuiuza mali hii. Nikisema waziwazi nina maana ya kuitaja mali yenyewe, kwa mfano kiwanja kilichoko mahali fulani, chenye namba fulani, bila kuishia kwenye neno "dhamana" lililo tupu.

Ukitafsiri hati ya rehani ya Uganda, yapo mambo ya kisheria ambayo lazima yafike kwa msomaji yakiwa mazima. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani, na ridhaa hiyo haiwi ridhaa kama aliyetia saini hakuelewa alichokisaini. Hapo ndipo kazi ya mtafsiri inapogusa uhalali wa hati yenyewe. Mkopaji akikosa kulipa, mkopeshaji humpa taarifa ya maandishi inayomtaka arekebishe kosa hilo ndani ya siku 45 za kazi, na baada ya muda huo kupita bila malipo, taarifa ya kuuza huhitaji siku 21 za kazi kabla mauzo hayajafanyika. Andika "siku za kazi" kila mara zinapotajwa. Ukiliacha neno "kazi", muda unasomeka kuwa mfupi kuliko ulivyo, na mtu anaweza kukata tamaa mapema akauza ng'ombe wake kwa bei ya kutupa.

Dhamana si ardhi peke yake. Tangu sheria ya mwaka 2019 inayohusu dhamana katika mali inayohamishika, mkulima wa Uganda anaweza kuweka ng'ombe, mazao, mashine, bidhaa za dukani au pikipiki, na mkopeshaji akaisajili haki yake katika daftari la kielektroniki linalotunzwa na ofisi ya taifa ya usajili, URSB. Usemi "security interest" uliomo katika jina la sheria hiyo ni mtego wa namna yake, kwa kuwa "interest" hapa si riba. Tafsiri inayofaa ni "haki ya dhamana", au "haki ya mkopeshaji juu ya mali". Anayenunua pikipiki iliyotumika anafanya vyema kulitazama kwanza daftari hilo, maana huenda pikipiki anayoonyeshwa tayari imefungwa na deni la muuzaji.

Kuna pia vitu ambavyo havipaswi kuwa dhamana kabisa. Sheria ya mwaka 2016 inayowasimamia wakopeshaji binafsi inawakataza kumnyang'anya mkopaji kitambulisho chake cha taifa au pasi yake ya kusafiria na kuviita dhamana. Bado wapo wanaofanya hivyo, na karatasi wanayotoa huandika neno "security" mbele ya namba ya kitambulisho kana kwamba ni jambo la kawaida. Ukikabidhiwa karatasi kama hiyo uitafsiri, itafsiri kwa uaminifu, kisha mweleze mhusika kwamba sheria haikubali.

Lipo tatizo moja upande wetu wenyewe, nalo ni kwamba "dhamana" ya Kiswahili ni pana kuliko neno lolote moja la Kiingereza. Mahabusu hutolewa kwa dhamana, rafiki humdhamini rafiki yake katika SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, fundi hutoa dhamana kwamba kazi yake itadumu, na serikali huuza dhamana zake kwa wananchi. Unaporudi kwa Kiingereza, sentensi "alitoa dhamana" haitafsiriki mpaka ujue mahali ilipotamkwa. Kituoni mwa polisi ni "bond", ambayo nchini Uganda hutolewa bila malipo yoyote. Mahakamani ni "bail". Na mtu anayesimama kwa niaba ya mshtakiwa ni "surety", neno ambalo nalo limetokana na Kilatini kile kile. Katika benki, mtu anayeahidi kulipa deni la mwingine ni "guarantor". Yeye si shahidi wa mkopo, ingawa wengi husaini wakidhani ni mashahidi, na mtafsiri anayeandika "shahidi" mahali pa "mdhamini" anashiriki kumtia mtu deni asilolijua.

Ardhi, pango na zabuni

Maneno mawili yanayopendwa na wanasheria wa ardhi ni "security of tenure" na, kwa maneno ya Katiba ya mwaka 1995, "security of occupancy". Hapa hakuna mlinzi wala rehani. Kinacholindwa ni kukaa kwa mtu juu ya ardhi, na kinalindwa dhidi ya kufukuzwa. Andika "uhakika wa kukaa" kwa mwenye kibanja, yaani anayeishi juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, na "uhakika wa umiliki" kwa mwenye hati. Katika eneo la Buganda, ambako ardhi ya mailo ina mwenye hati na papo hapo ina mwenye kibanja anayeishi juu yake, maneno haya mawili yakichanganywa yanaweza kumpa mmoja haki ya mwingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamtambua, miongoni mwa wengine, mtu aliyekaa na kuitumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika, na marekebisho ya mwaka 2010 yaliweka kwamba mwenye kibanja anayetambuliwa na sheria asifukuzwe ila kwa amri ya mahakama, kwa sababu ya kutolipa busuulu, yaani malipo ya kila mwaka anayompa mwenye ardhi. "Busuulu" liache kama lilivyo. Ukilitafsiri kwa "kodi" tu, msomaji atadhani ni kodi ya serikali au ya nyumba, na ukiandika "pango" atafikiri mwenye ardhi anaweza kuipandisha anavyopenda.

Katika kupanga nyumba, "security deposit" ni fedha anazoshika mwenye nyumba ili kufidia uharibifu au kodi isiyolipwa, na mpangaji hurudishiwa akihama bila deni. Neno zuri ni "amana", kwa sababu amana katika Kiswahili ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine, na mwenyewe hajapoteza umiliki. Wapangaji wengi huzihesabu fedha hizi kama kodi ya mwezi wa mwisho. Kama mkataba hausemi hivyo, tafsiri nayo isiseme.

Katika zabuni za serikali, "bid security" ni dhamana ya zabuni, inayomzuia mzabuni asijitoe baada ya kushinda, na "performance security" ni dhamana ya utekelezaji wa mkataba. Hazibadilishani nafasi.

Neno likiwa katika wingi

"Securities", kwa wingi, ni hati zinazouzika zenye thamani ya fedha: hisa za kampuni, hatifungani (hati za mkopo wa muda mrefu), na hati za serikali za muda mfupi. Soko lililoanzishwa Kampala mwaka 1997 kwa ajili ya kuziuza lina neno hilo katika jina lake la Kiingereza, na kwa Kiswahili huitwa Soko la Hisa, ingawa hisa ni aina moja tu ya bidhaa zake. Benki Kuu ya Uganda huuza kwa niaba ya serikali hati za siku 91, 182 na 364, pamoja na hatifungani za miaka kadhaa, na mwananchi anaweza kuanza na shilingi 100,000. Ziite "dhamana za serikali". Ila ukimweleza mtu wa kawaida, ongeza kwamba katika biashara hii serikali ndiyo mkopaji na yeye ndiye mkopeshaji, kwa sababu aliyewahi kuweka shamba lake dhamana benki anaweza kulisikia neno lile lile akaogopa kwamba anatakiwa kuweka mali tena.

Hifadhi ya jamii, uhakika wa kazi na mitandao

"Social security" isiwe "usalama wa jamii", maneno ambayo humfanya msomaji awafikirie polisi. Tanzania imekwisha kutupa jina lililokaa vizuri, yaani "hifadhi ya jamii", na linafaa kabisa kwa mfuko wa Uganda ambao kila mtu anauita NSSF. Katika kuueleza, eleza kinacholindwa: mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na jumla hiyo hutunzwa ili uzee usimkute mtu mikono mitupu. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa kisingizio cha idadi ya wafanyakazi, hivyo hata mwenye duka aliyeajiri mtu mmoja anawajibika, na yalimruhusu mwanachama mwenye umri wa miaka 45 aliyechangia kwa angalau miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi kwamba asilimia 15 yote inatoka katika mshahara wake anamdanganya, na tafsiri isiyotenganisha makato na mchango humsaidia mwajiri huyo.

"Job security" ni uhakika wa kazi. Katika simu na kompyuta "security" ni usalama wa mtandao au wa taarifa, na namba inayofungua akaunti ya fedha za simu ni namba ya siri, neno ambalo hata mzee wa kijijini analielewa bila maelezo.

Kitenzi "secure"

Kitenzi hiki huhitaji sikio zuri, kwa kuwa nusu ya matumizi yake hayana uhusiano wa wazi na ulinzi. Waziri akisemwa ame-"secure" mkopo kutoka Benki ya Dunia, maana yake ameupata. Kijana aki-"secure" nafasi ya chuo kikuu, ameipata vilevile. Fundi aki-"secure" mlango, ameufunga ukakaza. Wanajeshi waki-"secure" daraja, wamelidhibiti. Na deni liki-"secure"-iwa kwa kiwanja, limewekewa kiwanja dhamana. Angalia kinachofuata baada ya kitenzi: kikiwa ni kitu mtu alichokuwa akikitafuta, tafsiri kwa "pata", kikiwa ni mahali au kifaa, tumia "funga", "kaza" au "dhibiti", kikiwa ni deni, rudi kwenye dhamana. Sentensi isemayo kwamba mtu ame-"secure" mkopo ndiyo yenye utata mkubwa zaidi, maana inaweza kusema ameupata au ameuwekea mali, na mara nyingine yote mawili. Hapo hakuna kanuni ya kisarufi itakayokuokoa. Mrudie mwandishi umuulize, au utafute katika kurasa zinazofuata kama kuna orodha ya mali.

Kabla ya kukabidhi tafsiri ya hati yoyote ndefu, tafuta mahali pote neno hili lilipotokea katika Kiingereza, pamoja na "secured", "securities" na "surety", na uandike kando ya kila moja neno la Kiswahili ulilolitumia. Ukikuta "usalama" katika ukurasa unaotaja deni, au "dhamana" katika ukurasa unaotaja malango na walinzi, isome upya aya nzima. Kisha msomee mtu atakayeisaini, kwa sauti, kifungu kile tu kinachohusu dhamana, na umwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe ni mali gani itakayochukuliwa na ni nani atakayeichukua. Asipoweza kujibu, kifungu hicho bado hakijatafsiriwa.